Nilivyoyaponya Matumbawe kwa Kompyuta

Nekesa, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu mzazi, na kwetu mtoto akipewa jina la mzee hupewa na heshima yake, hata kama wakati huo bado anajikojolea. Nakuandikia nikiwa hapa studio. Wewe umeenda Turbo kumuaga shangazi yako, na namjua huyo, hatakuachilia mpaka ule kuku mzima na ubebeshwe mwingine. Baba yako yuko ghalani anapakia mahindi. Mvua imeanza kunyesha mtaa wote wa Huruma, na kwa mvua hii hakuna anayekuja kupigwa picha isipokuwa wale wa pasipoti ambao shida yao haingoji. Kwa hiyo nina alasiri yote, na nina karatasi.

Naanza kwa kusema asante. Najua barua za mzazi huanza na onyo, lakini mimi shukrani zangu huwa zinachelewa mpaka mtu amekwisha kuvuka barabara, na safari hii sitaki ziachwe nyuma.

Habari za sweta, chandarua na kula vizuri sitaziandika. Ulikaa huko pwani miezi yote ya mafunzo ukarudi mzima, tena umenenepa shavu. Chapati utajipikia. Wanaume nao, una macho.

Ninachotaka kukuandikia ni hiki. Tangu siku ulipotuambia umepata kazi kule pwani, Shimoni, ya kupiga picha matumbawe chini ya bahari, mimi sijakupa neno langu. Baba yako alikubali hata kabla hujamaliza kueleza, na sasa anamwambia kila mtu pale ghalani kwamba msichana wake ni daktari wa mawe. Nilimrekebisha kwamba matumbawe si mawe, ni viumbe, akasema, "Basi daktari wa mawe yanayopumua." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukanigeukia ukaniuliza, "Na wewe Mama, unaniruhusu?" Nikakujibu, "Tutaona."

Wewe umelelewa nami, unajua "tutaona" yangu maana yake ni nini. Ni hapana iliyovaa kitenge.

Halafu jana akina mama wa kanisa wakaja kukuombea. Waliimba, waliomba, na mwenyekiti wao akasema, "Sasa Mama Nekesa simama utoe baraka kwa mtoto." Nikasimama kweli. Nikachukua birika nikaanza kuzungusha chai kwa watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa. Uliniona. Ukaangalia miguu yako. Kesho asubuhi unaondoka, mama, na mtu hatoki nyumbani kwao kwenda mbali vile akiwa amebeba "tutaona" tu. Hilo limenikaa rohoni tangu jana, na ndilo limeniketisha hapa.

Lakini siwezi kufika huko bila kupitia ile habari ya picha.

Nilikuja Eldoret nikiwa msichana, nikafundishwa kazi hii na mama mmoja mkali aliyekuwa na studio ya chumba kimoja na pazia lenye maporomoko ya maji. Alinifundisha kwamba mteja haleti uso wake studio ili auone ulivyo. Uso wake anaujua, ana kioo. Analeta ili uutengeneze. Basi nikawa fundi wa kutengeneza. Enzi za filamu nilikuwa natia nukta za wino kwenye picha kwa brashi nyembamba, na kompyuta ilipokuja nilifurahi sana. Nimeondoa makovu, chunusi, mifuko ya macho. Nimewafungua macho watoto waliolala siku yao ya ubatizo. Kuna bwana harusi mmoja nilimpandisha bega kwa sababu mke wake alikuwa mrefu kumliko. Hakuna aliyerudi kulalamika, na kazi hiyo ndiyo iliyokupeleka shule, kwa hiyo siitukani.

Ngoja, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa mzee wa Chepsaita, anataka picha za pasipoti, mwanawe anamwita ng'ambo. Nimempiga, nikamwonyesha kwenye kompyuta. Akaniangalia akasema, "Mama, hapa kwa kichwa si uniongezee nywele kidogo?" Nikamwambia, "Mzee, ya pasipoti hairuhusiwi." Akasema, "Hata kidogo? Hii mbele tu?" Ameondoka akinung'unika kwamba studio za siku hizi zimezembea. Zamani ningemwongezea.

Basi. Unakumbuka mwaka ule bahari ilipopata joto kupita kiasi, wewe ukiwa mafunzoni. Ulikuja nyumbani mapumziko mafupi na flash disk shingoni imening'inia kama funguo za stoo. Ndani yake kulikuwa na picha za mafungu mawili. La kwanza mlilipiga ulipofika huko, la pili mlilipiga baada ya joto, mahali pale pale, mkiwa mmelaza chini ule mraba wenu wa mabomba ya plastiki na kuipiga sehemu iliyo ndani yake. Ulihitaji picha kubwa za kwenda kuonyesha wanakijiji na wakubwa wako mkutanoni. Uliniwekea kwenye kompyuta ukaniambia, "Mum, we print tu," ukaenda kulala kwa sababu ulikuwa umesafiri usiku.

Sasa mwanangu, hapa studio kila mtu husema "print tu". Bibi harusi husema "print tu". Ukimchapishia tu, anarudi na shangazi zake wawili kukuuliza ile chunusi ilikuwa ya nani.

Nikafungua fungu la kwanza. Nikapendezwa. Rangi ya kahawia, zambarau, kijani kibichi, vitu vyenye umbo la kabichi, vingine vyenye umbo la pembe. Nikafungua la pili. Kila kitu cheupe! Nyeupe ya kuumiza macho, ile tunayoita picha kuungua, mwanga unapoingia kupita kiasi. Nikasema, mtoto wangu ameharibu kazi ya watu, na hajui, na kesho kutwa ataaibika mbele ya wakubwa wake. Hata sikukuamsha. Nilikaa hapa siku nzima nikafunga mlango kwa wateja. Nilichukua ile kahawia ya fungu la kwanza nikairudisha kwenye la pili, jani kwa jani. Nikatia na rangi ya waridi kidogo pale nilipoona panakaa uchi. Ule mraba wa plastiki nikaukata kwa sababu ulionekana kama bomba la mifereji lililosahauliwa. Na ile kadi ndogo yenye vyumba vya rangi, iliyokuwa pembeni mwa kila picha, nikaifuta kabisa. Nilidhani ni takataka ya baharini.

Nikachapisha, nikatia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi. Ulichukua ukaenda bila kufungua, kwa sababu uliniamini. Hapo ndipo huwa nikikumbuka najikuna mkono.

Ulinipigia simu siku ya mkutano. Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya.

"Mum, hizi picha uli-edit?"

"Kidogo tu. Zilikuwa zimeungua."

"Hazikuwa zimeungua. Hivyo ndivyo yalivyo. Yamekuwa white, Mum. Joto likizidi yanapoteza rangi, na likikaa sana yanakufa. Hiyo white ndiyo tulienda kupiga."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, chini ya taa. Nilikuwa nimefuta ugonjwa wenyewe mliotumwa kuutafuta.

Mambo ya mkutano ulinieleza baadaye, uliporudi, tena nikikulazimisha. Kwamba picha zilipitishwa mkono kwa mkono, na bibi mmoja wa pale akaziangalia akasema, "Alhamdulillahi, basi ni mazima, joto halikuyafanya kitu." Na watu wakaanza kufurahi. Wakubwa wako nao wakaanza kutabasamu, maana nani hapendi habari njema? Wewe ukaona picha imefika mkononi mwako, ukaona ile waridi yangu, ukatoka nje kunipigia ile simu, ukarudi. Ungeweza kunyamaza, Nekesa. Ungeweza kusema mashine iliharibika, au mchapishaji fulani wa bara alikosea. Ukasimama, wewe uliyekuwa unajificha nyuma ya pazia langu wageni wakija, ukasema, "Samahani wazee wangu na mama zangu. Hizi si za kweli. Mama yangu ana studio Eldoret. Aliona matumbawe yamepauka akadhani ni makosa yangu, akayaponya kwa kompyuta."

Watu walicheka, ulisema. Yule bibi alicheka zaidi ya wote. Halafu ukafungua kompyuta yako ukawaonyesha zile nyeupe, na kicheko kikaisha, na mazungumzo ya maana ndipo yakaanza, ya mahali pa kuacha kutia nanga na mahali pa kuacha kuvua mpaka yapate nafuu.

Asante kwa siku hiyo. Sijawahi kukuambia. Asante kwa kuwa ulisema "mama yangu" mbele ya watu wote, wakati "mama yangu" ndiye aliyekuharibia kazi. Asante tena kwa kuwa ulinitaja bila aibu na bila kunitetea pia. Watu wengi hufanya moja kati ya hayo, wewe ulipita katikati.

Na uliporudi hukuninunia. Uliniketisha hapa kwenye kompyuta ukanifundisha kuangalia. Ulifungua picha moja, mashine ikaitupia nukta, ukaniambia nitaje kilicho chini ya kila nukta na nisiseme kingine. Nukta hii? Tumbawe hai. Hii? Mchanga. Hii? Tumbawe lililokufa, limeota mwani. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Sponji nililiita tumbawe, kivuli nikakiita mwani, na pale penye kitu kibaya mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kutafuta brashi ya kufutia. Ulinipiga kofi dogo vidoleni. "Mum, taja tu."

Nikakuuliza ile kadi ya rangi ilikuwa ya nini. Ukanieleza kwamba kadiri mtu anavyoshuka ndivyo maji yanavyokula rangi, nyekundu ikitangulia, mpaka damu ya mtu ikionekana kule chini inakuwa rangi ya majani. Kwamba mnabeba kadi hiyo kwa kuwa rangi zake mnazijua, mkitoka mnaangalia maji yamekula kiasi gani, mnarudisha. Nikaruka. Nikasema, "Kumbe na nyinyi mnarekebisha! Na mlivyonisema!" Ukaniambia, "Tunarudisha kile maji yamekula, Mum. Hatuongezi chetu."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Naosha vyombo nayo. Kwa sababu nilipojiangalia niliona nimekulea kwa kukuongezea changu. Ulipokuwa darasa la sita uliwaambia watu kanisani unapenda vyura, nami nikakukata maneno nikasema, "Anataka kuwa nesi." Ulipoingia chuo kikuu kusoma viumbe wa majini, niliwaambia majirani unasoma mambo ya lishe, kwa kuwa niliona mambo ya samaki yatawafanya waulize kama utauza omena. Kwa miaka mtaa mzima ulikuwa ukikuuliza habari za vitamini, na wewe ukawa unawajibu kwa adabu bila kujua kwa nini. Ndio, ni mimi. Nilikuwa naona chunusi mahali palipokuwa na mtoto tu.

Sijaacha kabisa, nisikudanganye. Wiki jana kuna bibi harusi nimemtoa kidevu kimoja.

Na mto Sosiani je? Nilikuambia kuna mwanamke mwenye nywele za majani ya mto anayevuta watoto miguu. Uliamini muda mrefu. Hakuna mwanamke yeyote mle, kuna matope na chupa. Mimi ndiye niliyeogopa maji. Sisi watu wa milimani tunayajua maji ya mtungi, ya bomba na ya mvua, yale yanayomfunika mtu kichwa hatujui tuyafanye nini. Halafu ulipojifunza kuogelea kule chuo ukanificha. Nilijua vipi? Mwenzako alileta picha zenu kuchapishwa hapa hapa, nikakuona umevaa kofia ya plastiki, umekaa ukingoni mwa dimbwi na meno yote nje. Nilizichapisha zote nikampa. Kisha nikagombana na baba yako jioni nzima kuhusu chumvi kwenye mboga.

Kwa hiyo unapoona nimenyamaza, usidhani naidharau kazi yako. Naogopa. Hilo ndilo lote. Naogopa yale maji kuliko ninavyoweza kueleza, na mtu akiogopa mdomo wake hukataa kufunguka, kwa maana anajua kitakachotoka si kile alichopanga.

Lakini kuna jambo lingine nilipaswa kukuambia zamani. Ile video uliyonitumia, aliyokupiga mwenzako mliyezama naye, nimeitazama mara nyingi kuliko unavyofikiri. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu anayetapatapa. Nikakuona umening'inia katikati ya maji, hugusi chini, hugusi juu, miguu imetulia. Unashusha mraba polepole usije ukavunja hata ncha. Unapima urefu wa kamera kwa fimbo. Unapiga. Unasogea. Mwenzako anakuonyesha kidole gumba na cha kwanza vimeungana, yaani uko sawa, nawe unamrudishia. Wewe unayefunga mlango ukatingisha nyumba, unayeosha sufuria mpaka jirani anauliza kuna vita gani! Sijawahi kukuona umetulia hivyo mahali popote, hata usingizini. Niliona mtu aliyefika kwake.

Nikakupigia simu nikakuambia, "Umekonda."

Nisamehe hilo. Nilitaka kusema, mwanangu, wewe ni mzuri kule chini. Nimewapiga watu picha maisha yangu yote, wamekaa mbele yangu wamevaa nguo za kuazima, nikitafuta ule uso mmoja wa mtu aliyeridhika, na wengi hawakuwa nao, nikawatengenezea. Wako haukuhitaji mkono wangu. Asante kwa kuniruhusu niuone.

Uliwahi kuniambia sehemu ngumu ya kazi yenu si kuzama, ni kurudi pale pale. Kwamba mnapigilia vigingi vidogo mwambani ili mwaka unaofuata mpate mahali palepale, kimo kilekile, la sivyo hamjui kilichobadilika. Nami nikakuuliza swali langu la kijinga, "Sasa mnampiga mgonjwa picha tu bila dawa?" Hukucheka. Ukasema, "Mum, kuna yale yalipona yenyewe. Tusiporudi kuangalia, hatutajua ni yapi tuyalinde." Basi utuangalie hivyo na sisi unapokuja likizo. Baba yako ataongeza mvi, mimi nitaongeza mwili, studio pengine itakuwa duka la simu. Ukiona tumechoka, sema tumechoka. Usituongezee waridi, nasi tutajitahidi kukuona vile ulivyorudi, hata kama umerudi na shida.

Mvua inapungua, nasikia watu wameanza kutoka vibarazani. Utafika sasa hivi ukiwa na huyo kuku. Barua hii nitaitia chini kabisa ya nguo zako, uikute ukiwa umekwisha kuanza kazi, kwa sababu neno lenyewe la baraka sitaki ulipate kwenye karatasi.

Kesho asubuhi, kabla hujainua begi, nitakuita jikoni. Nitakuita peke yako. Siku mama yangu aliponituma Eldoret alinibariki kwa kuchukua funda la maji na kunipulizia kifuani, pyuu, blauzi ikalowa yote, akasema, "Nenda, unapokanyaga pakupokee." Nilisafiri nikitetemeka kwa baridi, na kwa miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kujihisi mgeni. Jana mbele ya watu sikuweza kufanya hivyo. Nilijua nikiweka maji mdomoni nitalia na yatanitoka puani, na akina mama wangepata cha kusimulia mpaka Pasaka. Kesho nitalia, basi. Hakutakuwa na mtu ila wewe. Nitakuambia usivae ile blauzi uliyoipiga pasi, na usifunge macho.

Utakapoisoma barua hii utakuwa umekwisha kuzama, labda mara nyingi. Lakini katika safari yote hii, mwanangu, maji ya kwanza kukugusa yatakuwa yametoka kinywani mwangu.

Mimi niliyekuzaa, na ninayekushukuru,
Mama